Kazi ya Daktari wa Familia katika Kaunti za Kenya: Inakopatikana, Inavyoombwa na Mitego Yake

Madaktari wanaokaribia kumaliza uzamili wa tiba ya familia, pamoja na wale ambao bado wanasita kuusomea, huuliza swali lile lile kila mwaka: baada ya miaka minne ya masomo, kazi ipo au haipo? Jibu ni kwamba ipo, ila kwa sehemu kubwa haitangazwi kwa jina la daktari wa familia, na anayesubiri tangazo lenye jina hilo huweza kukaa nyumbani huku nafasi zinazomfaa zikijazwa na wengine katika kaunti ya pili. Makala haya yanaeleza mahali pa kutazama, namna ya kuomba na masharti yasiyofaa kukubaliwa. Yanamhusu zaidi daktari atakayefanya kazi chini ya serikali za kaunti, kwa kuwa huko ndiko kwenye nafasi nyingi, na njia nyingine zimeguswa kwa kadiri ya uzito wake.

Anayezungumziwa

Daktari wa familia ni daktari bingwa ambaye, badala ya kubobea katika kiungo kimoja au rika moja, amefunzwa kumhudumia mtu wa umri wowote kwa maradhi yaliyo mengi katika jamii yake, kumfuatilia kwa miaka, na kuzingatia hali ya nyumba anamotoka. Nchini Kenya mafunzo haya yalianza katika Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005, kisha yakafunguliwa katika Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi na Chuo Kikuu cha Kabarak, na sehemu kubwa ya mazoezi hufanyika katika hospitali zilizo nje ya miji mikubwa, kama vile Webuye na Chogoria. Kwa sababu hiyo daktari wa familia wa Kenya hafanani sana na mwenzake wa Ulaya anayeketi katika kliniki yake mtaani, kwani amefunzwa pia kumzalisha mama kwa upasuaji, kusimamia wodi, na kuwaelekeza maafisa wa kliniki, yaani watabibu wenye stashahada au shahada ambao ndio humpokea mgonjwa kwanza katika vituo vingi. Tofauti hii ikumbukwe, maana ndiyo inayomwezesha kuajiriwa pale ambapo bingwa wa fani moja hana kazi ya kutosha.

Mwajiri mkuu na mfuko wake

Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti 47 sehemu kubwa ya huduma za afya, na tangu mwaka 2013 daktari wa hospitali ya umma, ukiacha zile za kitaifa, huajiriwa kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Maana yake ni kwamba nchi haina soko moja la madaktari. Yapo masoko 47, kila moja na bajeti yake, siasa zake na kasi yake ya kulipa, na habari njema au mbaya kutoka kaunti moja haimwambii daktari chochote cha hakika kuhusu kaunti inayopakana nayo.

Kikwazo kikubwa ni hesabu ya mishahara. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka gharama ya mishahara na marupurupu isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti, na kaunti nyingi zimekwisha kuvuka kiwango hicho. Kaunti iliyovuka inaweza kuwa na upungufu mkubwa wa madaktari na bado isitangaze hata nafasi moja, au itangaze za mkataba wa muda peke yake. Kwa hiyo kosa la kwanza la mtafuta kazi ni kufuata uhaba. Uhaba upo karibu kila mahali. Kinachotafutwa ni kaunti yenye uhaba na yenye fedha zilizotengwa kuuziba, na jambo hilo halijulikani kwa uvumi wa vikundi vya simu bali kwa kusoma nyaraka ambazo kisheria zinatakiwa kuwa wazi kwa umma:

- Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Sura ya afya itazamwe kama inataja hospitali mpya, wodi mpya au idadi ya mabingwa wanaokusudiwa.
- Waraka wa mkakati wa fedha, unaopelekwa katika bunge la kaunti kabla ya Februari 28 kila mwaka. Humo huonekana asilimia ya mishahara na iwapo kaunti inakusudia kuajiri au kupunguza.
- Makadirio ya bajeti, yanayowasilishwa kabla ya Aprili 30. Fungu la mishahara la idara ya afya lilinganishwe na la mwaka uliopita: likipanda kidogo tu, ongezeko hilo huenda likamezwa na nyongeza za kawaida na upandishaji vyeo, na waajiriwa wapya wasipate kitu.
- Bajeti ya nyongeza, inayopitishwa katikati ya mwaka. Hapa ndipo fungu la ajira hukatwa kimyakimya, na mara chache huongezwa.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na tarehe hiyo inapanga kila kitu. Barua ya kujitambulisha inayomfikia mkurugenzi wa afya wa kaunti mwezi Desemba au Januari, wakati idara inakusanya mahitaji yake, inaweza kusababisha cheo kuandikwa katika makadirio, lakini ile inayofika Agosti hukuta hesabu zimefungwa. Madaktari wengi huandika Agosti, kwa sababu ndipo wanapopata matokeo au kurudi kutoka likizoni, kisha hulalamika kwamba kaunti haijibu.

Kazi moja, majina mengi

Matangazo yafuatayo yanastahili kuombwa na daktari wa familia, hata kama cheo chake hakikutajwa:

- *Daktari bingwa* bila kutaja fani, au pamoja na maneno kama "fani yoyote inayotambuliwa".
- *Msimamizi wa tiba wa hospitali ya kaunti ndogo*, yaani hospitali ya kiwango cha nne katika ngazi sita za vituo vya Kenya, ambazo huanzia jamii na zahanati na kuishia hospitali za kitaifa.
- *Mratibu wa huduma za msingi za afya*, au wa maradhi yasiyoambukiza kama kisukari na shinikizo la damu, au wa huduma shufaa, ambayo ni huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona.
- *Afisa wa afya wa kaunti ndogo*, cheo cha usimamizi ambacho humtoa daktari kitandani kwa mgonjwa kwa sehemu kubwa ya juma.
- *Mhadhiri au mkufunzi wa hospitali* katika vyuo vinavyofungua mafunzo ya udaktari na kuhitaji walimu walio karibu na jamii.

Cheo cha daktari wa kawaida, ambacho katika utumishi wa umma huanzia daraja la M, kinahitaji tahadhari. Baadhi ya mabingwa wapya hukikubali kwa makubaliano ya mdomo kwamba watapandishwa baadaye, na wakishaingia hugundua kwamba kupandishwa kunahitaji nafasi iliyo wazi, fedha na kikao cha bodi, vitu vitatu ambavyo havikutani mara kwa mara. Anayelazimika kuingia kwa daraja hilo adai barua inayotaja tarehe ya kufikiriwa upya. Akikosa barua, ahesabu kwamba hakuahidiwa kitu.

Matumaini ya sheria mpya, na kipimo chake

Oktoba 19, 2023 zilitiwa saini sheria nne za afya ambazo zimebadili soko hili kuliko jambo jingine lolote tangu ugatuzi. Sheria ya Huduma za Msingi za Afya imeweka mitandao ya huduma za msingi, ambayo ni mpango wa kuunganisha hospitali moja ya kiwango cha nne na vituo vya afya, zahanati na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaoizunguka, ili mgonjwa atibiwe karibu na kwao na apelekwe mbele pale tu inapobidi. Mtandao wa namna hii unahitaji mtu anayefahamu tiba ya wodini na kazi ya mitaani kwa pamoja, na hakuna fani inayoandaa mtu huyo kwa ukaribu zaidi kuliko tiba ya familia. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilileta Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 1, 2024 ikichukua nafasi ya NHIF, yenye mfuko maalumu wa kulipia huduma katika zahanati na vituo vya afya. Ipo pia sheria inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayokusanya, na hiyo ina faida ya papo hapo kwa mtafuta kazi, maana hospitali yenye mapato mazuri huweza kumlipa daktari wa zamu bila kusubiri bodi.

Hata hivyo sheria haijaajiri mtu. Tatu kati ya hizo nne zilitangazwa na Mahakama Kuu mwezi Julai 2024 kuwa kinyume cha Katiba, kabla ya Mahakama ya Rufani kusitisha utekelezaji wa uamuzi huo, na kaunti nyingi zimezindua mitandao kwa sherehe bila kuunda cheo cha kuiongoza. Daktari anayeambiwa kwamba kaunti fulani "ina mitandao" aulize maswali matatu: nani anaiongoza sasa, analipwa kutoka fungu gani, na vituo vinavyohusika vimelipwa na SHA kwa kipindi gani cha karibuni. Majibu yakiwa ya kusitasita, mtandao huo uko kwenye bango.

Hatua za kuomba

1. Kutambuliwa kuwa bingwa. Shahada ya uzamili peke yake haimfanyi mtu bingwa mbele ya mwajiri. Ni lazima jina liingizwe katika orodha ya mabingwa ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC. Shughuli hii huchukua muda, kwa hiyo ianzishwe mara matokeo yanapotoka. Waliosoma nje ya nchi, mfano wa kundi la madaktari wapatao 50 waliopelekwa Cuba mwaka 2018 kusomea tiba ya familia chini ya makubaliano ya serikali mbili, wana kazi ya ziada ya kuthibitisha kwamba mafunzo yao yanalingana na yanayotakiwa nyumbani, na wasikubali tarehe ya kuanza kazi kabla ya jibu la Baraza.

2. Kuhuisha leseni. Leseni ya kila mwaka huisha Desemba 31, na kuihuisha kunategemea alama za masomo endelevu. Maombi yanayowasilishwa Januari yakiwa na leseni ya mwaka uliopita hutupwa bila maelezo.

3. Kuchagua kaunti chache. Tatu au nne zinatosha, moja ikiwa ni ile ambayo daktari alifanyia mazoezi, kwa kuwa huko anafahamika. Kutuma maombi kwa kaunti zote 47 humnyima nafasi ya kuijua hata moja.

4. Kuandaa jalada la vibali. Waajiri wa umma, wakifuata Sura ya Sita ya Katiba kuhusu uadilifu, huomba uthibitisho wa kodi kutoka KRA, wa mkopo wa elimu kutoka HELB, fomu ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ripoti ya kampuni za taarifa za mikopo, na cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi. Vibali hivi vina muda wake. Anayevikusanya baada ya kuona tangazo la siku kumi na nne huchelewa, hasa kwa alama za vidole.

5. Kuandika barua inayomjibu mwajiri. Barua nyingi hueleza falsafa ya tiba ya familia kwa ukurasa mzima, na bodi, ambayo wajumbe wake wengi si madaktari, haiwezi kuigeuza falsafa kuwa uamuzi. Barua ieleze kazi: upasuaji wa uzazi ambao daktari anaweza kuufanya bila msimamizi, wodi anazoweza kuzishika, kliniki ya kisukari aliyoisimamia, maafisa wa kliniki aliowafunza, rufaa ambazo hazikuhitajika tena kwenda hospitali kuu ya kaunti. Pakiwapo takwimu za kweli kutoka kituo alichofanyia kazi, ziwekwe kwa ruhusa ya kituo. Zisipokuwapo, zisibuniwe, maana mkurugenzi wa afya anaweza kuzihakiki kwa dakika chache katika mfumo wa takwimu za afya wa taifa.

6. Kujiandaa kwa mahojiano. Swali litakaloulizwa kwa namna moja au nyingine ni hili: kwa nini kaunti imlipe bingwa kwa kazi ambayo afisa wa kliniki au daktari wa kawaida anaifanya kwa mshahara mdogo? Anayelijibu kwa kuwadharau maafisa wa kliniki ameshindwa hapo hapo, kwa sababu kaunti inaendeshwa na wao na baadhi ya wanajopo wametoka miongoni mwao. Jibu zuri huonyesha kwamba daktari wa familia huwaongezea uwezo wale waliopo, huipunguzia kaunti gharama ya gari la wagonjwa kwa kutibu mahali pale yale yaliyokuwa yakipelekwa mbali, na huweza kushika nafasi mbili au tatu katika hospitali ndogo isiyoweza kuwalipa mabingwa wanne wa fani nne.

7. Kufuatilia kwa adabu. Baada ya mahojiano, barua moja kwa katibu wa bodi baada ya mwezi inatosha. Kupitia kwa mwakilishi wadi au jamaa wa gavana humwingiza daktari katika deni ambalo litadaiwa siku atakapotakiwa kutia saini asichokiamini.

Makosa yanayorudiwa

La kwanza ni kujiondoa kwa sababu ya asili. Ipo imani kwamba kaunti huajiri wenyeji tu, na imani hiyo haikosi mizizi. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazini ziwaendee watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti hiyo. Kwa fani yenye watu wachache kama hii, bodi nyingi hazina mwenyeji wa kumpa. Asiyeomba amejinyima mwenyewe.

La pili ni kuidharau kaunti ya mbali bila kupiga hesabu. Maeneo yaliyoorodheshwa kuwa ya mazingira magumu, kama Turkana, Wajir, Tana River na Lamu, yana posho yake maalumu, na daktari wa familia hupata huko upana wa kazi ambao Nairobi haumpi. Hesabu hiyo iwe kamili, hata hivyo: nauli ya kwenda kuiona familia, shule za watoto, usalama, na uwezekano wa kuwa daktari pekee wa upasuaji wa uzazi, jambo linalomaanisha kuitwa kila usiku. Mshahara mkubwa usio na mtu wa kupokezana naye zamu humchosha mtu ndani ya mwaka mmoja.

La tatu, ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni kusahau mkataba wa masomo. Waliosomeshwa na kaunti au Wizara ya Afya kwa likizo ya masomo yenye mshahara huwa wamejifunga kumtumikia mwajiri huyo kwa miaka iliyotajwa, au kurudisha gharama. Wapo wanaohamia kaunti nyingine kwa kishindo kisha wakadaiwa fedha wasizonazo. Mkataba huo usomwe upya kabla ya kuandika barua yoyote, na uhamisho wa makubaliano kati ya kaunti mbili uombwe badala ya kujiuzulu, maana uhamisho hulinda pia miaka ya pensheni.

Nje ya serikali

*Hospitali za makanisa.* Hizi ndizo zilizoielewa fani hii mapema kuliko wengine, na baadhi yake, Chogoria ikiwa mojawapo, ni vituo vya mafunzo. Mshahara wake wa msingi kwa kawaida huwa chini ya ule wa kaunti, lakini nyumba hupatikana katika eneo la hospitali na kazi ni ya upana wote. Mwombaji aulize wazi kuhusu ucheleweshaji wa malipo, kwa kuwa hospitali inayotegemea SHA hulipa pale SHA inapolipa.

*Makampuni, mashamba makubwa na hospitali binafsi.* Mashamba ya chai ya Kericho na ya maua ya Naivasha, viwanda, na mitandao ya kliniki za mijini huhitaji daktari wa kuwafuatilia wafanyakazi na familia zao. Kazi ni ya saa zinazojulikana na malipo huja kwa wakati. Hatari yake ni kupimwa kwa idadi ya wagonjwa kwa saa, kipimo ambacho humwondolea daktari wa familia muda wa kumsikiliza mgonjwa, ambao ndio msingi wa fani yake.

*Miradi ya wafadhili.* Mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya Ukimwi na kifua kikuu ilifungwa au kupunguzwa ghafla na watu wenye mishahara mizuri wakabaki bila kazi. Kazi ya mradi ikubaliwe kwa sharti kwamba daktari ana akiba ya miezi kadhaa na hajaiacha leseni yake ya kutibu ilale.

*Kliniki binafsi.* Inahitaji leseni ya Baraza kwa daktari na nyingine kwa kituo, leseni ya biashara ya kaunti, mpango wa kuondoa taka za hospitali, na mkataba na SHA na makampuni ya bima. Kinachoua kliniki nyingi ni kucheleweshwa kwa malipo ya bima wakati kodi ya jengo na mishahara ya wauguzi haingoji. Asiye na mtaji wa kuiendesha kliniki kwa nusu mwaka bila malipo ya bima aanze kwa kazi za zamu, zinazojulikana zaidi kama lokamu, katika kliniki ya mwingine.

Mapingamizi mawili ya kweli

Wengine husema kwamba ingekuwa busara zaidi kusomea upasuaji au magonjwa ya wanawake, kwa kuwa huko kuna heshima na mapato ya pembeni. Kwa mapato ya pembeni mjini, wana haki. Lakini fani hizo zimeanza kujaa mijini na zinahitaji vyumba vya upasuaji, mashine na timu ambazo kaunti nyingi hazina nje ya makao makuu yake, ilhali daktari wa familia huweza kuanza kazi yenye maana katika hospitali yenye vitanda hamsini. Anayechagua fani kwa ajili ya fedha peke yake asichague tiba ya familia.

Wengine husema kwamba migomo imeonyesha kuwa serikali haiwathamini madaktari. Mgomo wa 2016 na 2017 ulichukua siku 100, na wa 2024 siku 56, na yote miwili ilihusu makubaliano ambayo serikali ilikuwa imeyatia saini au kuyaahidi. Pingamizi hili halina jibu la kuliondoa. Linaloweza kufanywa ni kujiunga na chama cha madaktari, KMPDU, mapema, kuweka nakala za barua zote za uteuzi na hati za mishahara, na kutofanya maisha yanayotegemea mshahara kufika tarehe ile ile kila mwezi.

Kuvuka mpaka

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na wapo wanaodhani kwamba tangu hapo leseni ya Nairobi inatosha Arusha au Kigali. Haitoshi. Tanzania Bara ina Baraza la Madaktari la Tanganyika, Zanzibar ina baraza lake, na kila nchi husajili upya na kudai vibali vyake vya kazi na ukaazi. Ajira za serikali ya Tanzania, zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ni za raia. Mgeni atazame hospitali binafsi, za dini na vyuo.

Oman na nchi nyingine za Ghuba huajiri madaktari wa familia kwa wingi, na daktari anayezungumza Kiswahili huweza kukuta wagonjwa wanaomwelewa Muscat. Utaratibu huhusisha uhakiki wa vyeti moja kwa moja kutoka vyuoni, mara nyingi kupitia kampuni ya DataFlow, na mtihani wa kompyuta. Mtego uko katika daraja: nchi hizo huamua zenyewe iwapo uzamili wa Kenya unamfanya mtu bingwa au daktari wa kawaida, na tofauti ya mshahara kati ya madaraja hayo mawili ni kubwa. Daraja lijulikane kwa maandishi kabla ya kujiuzulu, na wakala anayedai ada kutoka kwa daktari badala ya hospitali aachwe.

Kabla ya kutia saini

Barua ya uteuzi isomwe kwa kutafuta mambo haya:

- Daraja na cheo kilichoandikwa, kama ni bingwa au daktari wa kawaida.
- Aina ya ajira: ya kudumu yenye pensheni, au mkataba wenye kiinua mgongo. Wafanyakazi wa mpango wa Afya kwa Wote walioajiriwa kwa mikataba mwaka 2020 walidai kwa miaka kadhaa kuingizwa katika ajira ya kudumu, na kisa chao kinatosha kumfundisha mtu asiuite mkataba mlango wa kuingilia.
- Posho zilizotajwa kwa jina: ya nyumba, ya usafiri, ya hatari ya kazi, ya kuitwa kwa dharura na ya mazingira magumu. Posho isiyoandikwa hailipwi.
- Idadi ya madaktari watakaopokezana zamu za usiku.
- Nani anamlipia bima ya kumkinga akishtakiwa kwa kosa la kitabibu.
- Ruhusa ya kufanya kazi binafsi baada ya saa za kazi, kama ipo.

Mwajiri anayekataa kuandika daraja, anayetaka daktari aanze kazi "huku barua ikiandaliwa", au anayemtaka awe msimamizi wa hospitali, daktari wa zamu na mratibu wa mtandao kwa mshahara mmoja wa daktari wa kawaida, hatabadilika baada ya miezi sita. Kazi hiyo ikataliwe, na zamu za lokamu zimwezeshe daktari kuishi hadi bajeti ya Julai inayofuata.